Fidla Juu ya Meko

Mvua ikinyesha, fidla yangu hunuka moshi. Si moshi wa kitu kilichoungua. Ni ule wa jikoni, wa kuni za mkaratusi na maziwa yaliyofurika yakamwagikia makaa. Naipiga kanisani Jumapili, hapa mjini Eldoret, na kuna mama mmoja wa kwaya asiyeniachia. "Oluoch, leo tena umetoka kuchoma mahindi?" hunitania. Namwambia ndiyo, nimechoma na nimemaliza yote, pole sana. Watu hucheka, nami najifanya kukaza uzi ambao haukuwa umelegea.

Nimejaribu kuutoa moshi huo. Nimeipangusa fidla nje na ndani, nimeianika kivulini kiangazi kizima, nimeifungia sandukuni pamoja na karafuu. Haukutoka. Siku hizi sijaribu tena.

Miaka moshi huo ulipoingia nilikuwa nafundisha muziki katika shule moja ya kulipia hapa mjini, watoto ambao kwao kuna piano na hakuna anayeigusa. Jumamosi nilipanda pikipiki, begi moja mgongoni na jingine kifuani kama mama wa mapacha, nikaenda shule moja ya umma upande wa Ziwa, kituo kidogo cha huku huku Uasin Gishu kisicho na ziwa. Huko somo la muziki lilikuwepo kwenye ratiba ya ukutani tu; saa yake ikifika, watoto walipewa hesabu. Kanisa letu lilikuwa limepata fidla chache za mitumba, na mchungaji akauliza ni nani atakayekwenda kuzifundisha mashambani bila malipo. Nilinyoosha mkono kabla sijafikiri. Babu yangu kule Seme alipiga orutu, fidla yetu ya uzi mmoja, kwenye matanga na kwenye harusi, na nilikuwa nimekua nikiamini kwamba mtoto akipewa uzi na upinde hawezi kubaki kama alivyokuwa.

Siku ya kwanza niliwahutubia wanafunzi nikiwa nimeinua fidla moja juu, kama mhubiri na Biblia yake.

"Mnaona hii kitu? Mkiiangusha, mjue mmeangusha ng'ombe wa gredi mwenye mimba."

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikajipongeza moyoni. Ukweli ni kwamba fidla yenyewe isingenunua hata kwato za ng'ombe huyo wa kisasa wa maziwa, lakini nilikuwa nimekaa Uasin Gishu vya kutosha kujua kwamba ukitaka kitu kiheshimiwe, kipime kwa ng'ombe. Mjaluo wa ziwani kama mimi angesema mashua. Nilijiona mjanja sana.

Jepchirchir hakucheka. Alikuwa ameketi karibu na dirisha, msichana mrefu wa darasa la nane, akiitazama fidla kama mtu anayemtazama ng'ombe mgeni sokoni, kwanza miguu, kisha mgongo, kisha macho. Nilipowaita mmoja mmoja waje kuishika, yeye ndiye pekee aliyepangusa mikono kwenye sketi kabla ya kuipokea.

Alikuwa na vidole vya kukamua. Nasema hivyo kwa sababu sijui namna nyingine ya kusema. Wanafunzi wangu wa mjini walilia kwamba nyuzi zinawaumiza. Yeye alikuwa amekamua ng'ombe kila alfajiri tangu utotoni, na nyuzi hazikumtisha. Kufikia katikati ya mwaka alikuwa amewaacha wenzake mbali. Mwalimu Musimbi, aliyesimamia kikundi cha muziki pale shuleni, aliacha kusahihisha madaftari yake Jumamosi na kuja kuketi nyuma ya darasa kumsikiliza tu.

Jumamosi moja nilifika mapema nikasikia, kabla hata sijashuka kwenye pikipiki, wimbo ambao sikuwa nimeufundisha. Ulikuwa wa noti chache zinazojirudia, unapanda kidogo, unatulia, unapanda tena. Niliingia darasani taratibu.

"Huo umetoa wapi?" nikamuuliza.

Alishtuka akaishusha fidla. "Ni wa Kogo, nyanya yangu, mwalimu. Anaimbianga ng'ombe akikamua. Ndio asifiche maziwa."

"Na ng'ombe anakubali?"

"Anakubali." Alifikiri kidogo. "Hata mtu mkali anakubali."

Nilimwambia aurudie. Alipomaliza nilitoka nje nikajifanya napiga simu, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa na sikutaka watoto wauone upuuzi huo. Babu alikuwa amekufa miaka mingi, na hakuna aliyekuwa amenipigia kitu kama hicho tangu hapo.

Ndipo nikaanza kumtafutia njia. Kulikuwa na shule moja ya bweni ya wasichana hapa mjini iliyokuwa ikiunda kundi la fidla, na mwalimu wao mkuu alikuwa ameahidi nafasi moja ya kidato cha kwanza, karo na kila kitu, kwa mtoto kutoka shule ya umma ya mashambani. Mtoto huyo angesikilizwa akipiga mwanzoni mwa Desemba. Jepchirchir aliishi na nyanya yake. Mama yake alikuwa na kazi ya kufulia watu Nairobi, na pesa zikipatikana zilikuja, zisipopatikana hazikuja. Bila nafasi ile, shule ya sekondari kwake ilikuwa dua tu. Na bila mazoezi ya kila siku, nafasi ile ilikuwa ya mtoto mwingine. Kwa hiyo shule zilipofungwa Agosti nilivunja sheria yangu mwenyewe: nikaamua kumruhusu aende na fidla nyumbani.

Nilimwita nyanya yake aje aipokee. Kogo ndilo neno la Wakalenjin la nyanya, na kwa kuwa shule nzima ilimwita hivyo, nami nilimwita hivyo. Alikuja amevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, na koti la kiume, mwanamke mdogo wa umbo mwenye mgongo ulionyooka kuliko wangu. Aliizunguka meza ambayo fidla ilikuwa imelazwa, mikono nyuma.

"Sasa hii, mwalimu, inakula nini?"

"Haili kitu, Kogo. Inaimba tu."

"Kama mzee wangu, Mungu amrehemu," akasema. Mwalimu Musimbi alicheka hadi akashika ukuta. Kogo hakucheka, alikuwa bado na kazi. "Na adui yake ni nani?"

Nililipenda swali hilo. Wazazi wa mjini hawajawahi kuniuliza. Nikavuta kiti nikamweleza kama ninavyomweleza mtu mzima mwenzangu. "Unyevu, Kogo. Hii baridi yenu ya Agosti. Isilale chini, isiegemezwe ukuta unaotoa maji. Iwekwe mahali pakavu kabisa. Na iwe juu, panya wasiifikie."

"Pakavu, na juu," akarudia.

"Hapo tu."

"Basi hiyo nitaichunga mimi mwenyewe."

Sikusema neno kuhusu moto. Halikunijia. Orutu ya babu ilitundikwa jikoni kwa nyanya yangu miaka yote, ikaiva rangi ya chai kwa moshi, na sauti yake ilizidi kuwa tamu. Lakini orutu ni mti wa kuchongwa na ngozi, haina cha kuachana. Fidla ya kizungu ni mbao nyembamba zilizoshikana kwa gundi, na gundi hiyo ikipata joto na mvuke, huachia.

Yaliyotokea nilikuja kuambiwa baadaye, ila nayasema hapa ili yaeleweke. Katika jiko la Kogo, juu ya meko, kuna ndoano ambapo hutundikwa vile vitu ambavyo nyumba haiwezi kuvipoteza: mahindi ya mbegu, vibuyu vya maziwa. Ndipo mahali pakavu na pa juu kuliko pote katika boma lile. Aliondoa kibuyu chake kikubwa, kile cha wageni, akaitundika fidla hapo. Jioni Jepchirchir aliishusha akafanya mazoezi, kisha Kogo akaipangusa kwa kitambaa na kuirudisha mwenyewe. Hakumruhusu mtu mwingine. Chini yake sufuria ya ugali ilichemka kila siku, na mvuke ukapanda. Shule zilipokaribia kufunguliwa, walisikia asubuhi moja kitu kama ukuni mkavu ukipasuka. Ubao wa juu ulikuwa umeachana na ubavu, na shingo ilikuwa imelala upande.

Muhula wa tatu ulipoanza, Jepchirchir hakuja Jumamosi. Nikadhani ana homa. Jumamosi iliyofuata hakuja pia. Mwalimu Musimbi aliniambia kwamba siku za kawaida yuko darasani, anafanya kazi yake, ila akiulizwa habari za muziki anasema ana shughuli nyumbani, kisha anatazama viatu.

"Labda ni mambo ya mbio," Musimbi akasema. "Kuna kocha alikuja hapa akawapimia saa. Huyo msichana ana miguu."

Hilo lilinichoma, na nililiamini upesi. Hapa kwetu mtoto mrefu wa Kikalenjin akikosekana mahali popote, kila mtu husema ameenda kambini kukimbia, na mazungumzo yanaishia hapo. Nilimtumia barua kwa mkono wa Musimbi, maneno machache ya kumtia moyo. Hakujibu. Mtihani wa darasa la nane ukafika, ukaisha, na siku ya kusikilizwa ikawa imebaki kidogo tu. Nikamwambia Musimbi kwamba nakwenda kwao.

Alinisindikiza hadi kwenye lango la shule. "Nenda, lakini nikwambie kitu, mwalimu. Usiende ukaanza na violin. Watu wa huku wataona umekuja kama auctioneer, kuchukua mali. Uliza mtoto. Violin itakuja yenyewe."

Nilimshukuru. Lilikuwa shauri la mtu mwenye adabu, na mimi nililelewa na watu wenye adabu. Njiani nilirudia moyoni: mtoto kwanza, mtoto kwanza.

Kogo alikuwa peke yake. Alinisalimia kwa mikono miwili, "Chamgei, mwalimu," akaniingiza jikoni kwa sababu nje kulikuwa na manyunyu. Palikuwa na kitanda cha mbao kando ya ukuta. Alikitandika blanketi lake zuri kabla ya kuniruhusu kuketi. Kisha akanimiminia mursik, maziwa ya kugandisha, kutoka kwenye kibuyu, akafuta mdomo wa kikombe kwa kidole gumba. Nilikunywa. Juu ya meko vibuyu vilining'inia kwa mstari, vyeusi na vinang'aa, na katikati yao ndoano moja ilikuwa tupu. Niliiona. Niliona pia kwamba kibuyu alichonimiminia, kikubwa kuliko vingine, kilikuwa kimesimama chini kwenye majivu, na nikajiuliza kwa nini hakirudishwi mahali pake. Mawazo yangu yaliishia hapo.

"Jepchirchir yuko?" nikauliza.

"Ameenda Sugoi. Kwa shangazi yake. Kuna kazi."

"Kazi gani, Kogo?"

"Kazi ya nyumba. Kuna mtoto mdogo, kuna ng'ombe wengi."

Niliweka kikombe chini. "Kogo, nimekuja kuongea juu yake. Ile nafasi niliyowaambia, bado iko. Wanamngoja. Huyu mtoto ana kitu ambacho mimi sina, na mimi nimesoma."

"Najua."

"Basi arudi. Hata kesho. Akikosa mazoezi nitamsaidia mimi mwenyewe."

Kogo aliingiza ukuni motoni, akautengeneza, akautengeneza tena. "Atarudi ikiwa tayari."

"Nini ikiwa tayari?"

"Mambo," akasema. Akanijazia kikombe.

Nilihisi kwamba kuna kitu. Sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilihisi kiko karibu kabisa, kama unapoingia chumba ambacho watu wametoka kugombana. Na neno lilikuwa kwenye ulimi wangu, neno jepesi: na ile fidla, Kogo, iko salama? Lakini nilimwona alivyoketi, mikono imelala magotini, amevaa kitambaa kipya kichwani kwa ajili yangu, nikafikiri: nikitaja fidla sasa ataona kwamba ndiyo iliyonileta, kwamba maneno yangu yote juu ya mtoto yalikuwa kuzunguka tu. Nikamaliza maziwa. Tukaongea juu ya mvua iliyokuwa ikichelewesha watu kuvuna mahindi, akanifungia mayai kwenye gazeti, akanitoa hadi barabarani chini ya manyunyu. Tuliagana vizuri sana.

Fidla ilikuwa chini ya kile kitanda, imefungwa gunia. Nilikuwa nimeikalia.

Siku ya kusikilizwa ilipofika nilikwenda peke yangu kumwomba radhi mwalimu mkuu wa ile shule ya bweni. Alikuwa mwungwana; alikubali tumngoje mtoto hadi saa za mchana. Baadaye nafasi alipewa mtoto mwingine, msichana wa upande wa Moiben, na nasikia amefanya vizuri. Sina neno naye.

Shule zilifunguliwa Januari. Jumamosi ya kwanza nilikuwa na wanafunzi wapya, tunahangaika na namna ya kushika upinde, mara vichwa vyote vikageukia dirishani. Nilipotazama nje nilimwona Kogo akivuka uwanja wa shule na gambuti zake, ameshika kamba, na nyuma ya kamba mtamba mweusi mwenye doa jeupe usoni, tumbo limeanza kujaa. Nyuma ya mtamba alikuja Jepchirchir na fimbo. Mgongoni alikuwa amebeba kitu kwa leso, kama mtu anavyobeba mtoto.

Nilitoka. Mwalimu Musimbi naye alitoka ofisini, chaki mkononi.

"Mwalimu," Kogo akasema, "tumechelewa kidogo. Huyu hapa. Ni wa gredi, na ana mimba. Muulize mtu yeyote."

Sikuelewa. Nilitazama ng'ombe, nikamtazama yeye. Ndipo Jepchirchir akafungua leso, akapiga magoti kwenye nyasi, akanionyesha fidla. Moshi ulinijia kabla ya kitu kingine. Niliona ubao wa juu umefunguka ubavuni, shingo imelala, nyuzi zimelegea kama kamba za kuanikia nguo. Nikaingiza kucha kwenye ufa, nikaupima. Hakukuwa na ubao uliovunjika. Hakuna hata mmoja.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa furaha, kicheko cha mtu aliyedhani mgonjwa amekufa akamkuta anakunywa uji. "Gundi tu!" nikasema. "Kogo, hii ni gundi tu imeachia! Imetengenezwa hivyo makusudi, ikipata joto iachie, ndio mbao isipasuke. Fundi anapaka nyingine, anabana, basi. Mimi mwenyewe najua kuitengeneza."

Hakuna aliyecheka nami. Mtamba aling'oa nyasi.

"Kwa muda gani?" Kogo akauliza.

"Siku moja."

"Siku moja," akasema.

Jepchirchir alikuwa bado amepiga magoti. Hakulia. Aliiangalia ile fidla kama mtu aliyedanganywa na rafiki. Ndipo, kidogo kidogo, kwa maswali yangu na majibu ya Kogo, nikaambiwa habari ya ndoano, ya mvuke, ya asubuhi ile. Nikaambiwa kwamba shangazi wa Sugoi alikuwa ametoa mtamba kwa ahadi kwamba Jepchirchir atakaa kwake mwaka mzima, alee mtoto na kukamua. Neno lilikuwa limetolewa mbele ya wazee wa ukoo. Kidato cha kwanza kingemngoja.

"Lakini nani aliwaambia mlipe ng'ombe?" nikauliza, na kabla sijamaliza swali jibu nilikuwa nalijua.

"Ni wewe, mwalimu," Jepchirchir akasema, bila ukali wowote. "Ile siku ya kwanza. Wengine walicheka."

Mwalimu Musimbi aliondoka akaenda kusimama nyuma ya darasa. Mimi nilimweleza Kogo kwamba ulikuwa utani, kwamba fidla ile ni mtumba, kwamba ng'ombe wake arudi naye nyumbani leo hii hii. Nilieleza mengi mno. Nilimwambia hata kwamba gundi yenyewe hutengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya ng'ombe. Sijui kwa nini, nilitaka tu kuendelea kuongea.

"Kwa hiyo ilihitaji ng'ombe kweli," akasema. Na hapo mdomo wake ulicheza kidogo, kwa mara ya kwanza. Kisha ukatulia. "Siku ile ulikuja. Ulikaa juu yake, ukakunywa maziwa. Nilikuwa nangoja uulize. Nilisema, akiuliza nitamwambia. Mbona hukuuliza?"

"Nilikuwa na adabu, Kogo."

"Hata sisi," akasema.

Mtamba alirudi nyumbani na Kogo, na Jepchirchir akarudi Sugoi; nami nilikwenda huko mwenyewe kumwona shangazi. Alinipokea vizuri, akanipa chai, akaniambia kwamba hana ubaya na mtu, ila mtamba alikuwa ameshatoka kwake, mtoto mchanga yupo, na neno ni neno. Nilisema ng'ombe arudishwe, mkataba uishe. Akasema Kogo amekataa jambo hilo tayari, kwa kuwa mtu harudishi ng'ombe aliyetoka mbele ya wazee kana kwamba ni nguo isiyomtosha. Nilirudi mjini jioni nimeshindwa na watu ambao wote walikuwa wema. Ningempata hata mbaya mmoja, ningelala.

Fidla niliitengeneza. Ilichukua siku moja, kama nilivyosema. Mwaka wa Sugoi ulipoisha nilimpelekea Jepchirchir nyumbani. Alikuwa amepata nafasi ya kutwa katika shule ya karibu, amerefuka zaidi, na mikono yake ilikuwa na nyufa za sabuni. Alipangusa mikono kwenye sketi, kama zamani, akaipokea. Akaiinamia, akainusa. Nikangoja. Niliutaka wimbo ule wa kukamua kuliko nilivyotaka kitu chochote.

Aliirudisha mikononi mwangu polepole.

"Peana kwa mwingine, mwalimu. Mimi nikiishika, nasikia tu iko karibu kuvunjika."

"Haivunjiki. Umeona mwenyewe."

"Nimeona," akasema. "Lakini mkono haujaona."

Sikumpa mwingine. Ndiyo hii ninayoipiga.

Bado naenda upande wa Ziwa kila Jumamosi. Babu angenicheka, hakuwahi kumfundisha mtu kwa kuvunja chombo. Mimi siku hizi somo la kwanza nawaita watoto na wazazi wao, walezi, nyanya, kila mtu, naweka hii fidla mezani, na kabla sijapiga noti hata moja nachukua kisu chembamba nilichokipasha kwenye maji moto, nakiingiza ubavuni, naifungua. Kinamama hushika midomo. Harufu ya moshi inatoka, inajaa darasani. Nawaambia kila kitu: unyevu, joto, moto, mvuke wa ugali. Nawaambia kwamba ikiharibika waje siku hiyo hiyo, na kwamba nikija kwao nitauliza habari zake kabla ya kuuliza habari zao, nao wasichukie. Wanacheka. Kisha napaka gundi mbele yao, nabana, nawaonyesha. Ng'ombe sitaji.

Mwanzoni mwa mwaka huu nilikuwa nabana ubao hivyo nilipoona mtu amesimama mlangoni. Jepchirchir ndiye anayeiletea shule maziwa ya chai sasa. Yule mtamba alizaa, na waliofuata wakazaa. Kogo, kabla hajafariki, alikuwa amempa mtamba huyo jina la Gundi, na alipomwita watu wa soko walidhani amechanganyikiwa. Jepchirchir ana ng'ombe wazuri, na anaheshimika. Tukikutana barabarani huniuliza habari ya fidla kama mtu anavyouliza habari ya jamaa mgonjwa, nami humwambia inaendelea.

Siku hiyo, pale mlangoni, alikuwa ameweka mtungi wa maziwa chini, anatazama mikono yangu. Alitazama hadi nilipokaza kibano cha mwisho na wazazi walipoanza kutoka kwenda chai.

"Sasa hiyo inakauka saa ngapi?" akauliza.

"Kesho asubuhi iko tayari."

"Kesho asubuhi," akasema. Akapangusa mikono kwenye sketi, akainua mtungi, akaupeleka jikoni.